Mvua Yako ni Ile Iliyobaki Udongoni

Naomba nianze na hesabu, kwa sababu mazungumzo ya leo yanasimama juu yake. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba, huleta lita moja ya maji. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Kwa hiyo kila milimita moja ya mvua inakumwagia zaidi ya lita 4,000 katika kila ekari, yaani ndoo za lita 20 zipatazo 200. Mvua moja nzuri ya milimita 40 ni ndoo 8,000. Ni maji mengi kuliko ambayo familia yoyote ingeweza kuyateka kisimani na kuyabeba hadi shambani, na yamekuja bure.

Sasa nakuuliza: kesho yake asubuhi, kati ya ndoo hizo 8,000, zimebaki ngapi pale ambapo mizizi ya mahindi inaweza kuzifikia?

Sote tumewaona majirani wawili waliopakana. Wamepanda mbegu ile ile, wiki ile ile, na wamenyeshewa na wingu lile lile. Mvua inakatika. Siku ya kumi shamba la mmoja limekunja majani tangu saa nne asubuhi, la mwenzake bado limesimama na kijani chake. Watu husema huyu ana mkono mzuri, yule ana mkosi. Mimi nasema tuchukue jembe tuchimbe, maana jibu limo humo ardhini, na kila mkulima anaweza kulisoma.

Tuanze na udongo wenyewe. Udongo mzuri wa tifutifu, usioshindiliwa, karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi tupu. Ni matundu yaliyo kati ya chembe na chembe, na humo maji na hewa hukaa kwa kupokezana. Chembe ya mchanga unaiona kwa macho, nyingine hufika milimita 2. Chembe ya mfinyanzi haifiki hata sehemu mbili za elfu za milimita. Chembe kubwa huacha matundu makubwa lakini machache. Chembe ndogo huacha matundu membamba mno, lakini mengi yasiyo na idadi.

Maji nayo yana tabia mbili: hushikana yenyewe kwa yenyewe, na hunata kwenye chembe za udongo. Tundu likiwa jembamba, mshiko huo huwa wa nguvu zaidi. Aliyewahi kusomea kwa koroboi ameyaona haya kwa macho yake: mafuta ya taa hupanda utambi kutoka chini kwenda juu, bila pampu na bila mtu kuyasukuma, kwa sababu kati ya nyuzi za utambi kuna njia nyembamba sana. Udongo huyafanyia maji vivyo hivyo. Kwa hiyo tusidhani kwamba maji ardhini huongozwa na uzito wake tu, kwamba kazi yake ni kushuka. Udongo wenyewe unayavuta.

Mwanafizikia wa Marekani, Edgar Buckingham, aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1907, katika utafiti aliofanya kwa ajili ya idara ya kilimo ya nchi yake. Maji huenda kutoka pale yaliposhikwa kwa nguvu ndogo, kuelekea pale yatakaposhikwa kwa nguvu kubwa zaidi. Hutoka penye unyevu kwenda penye ukavu. Yanaweza kwenda chini, yanaweza kwenda pembeni, na yanaweza kupanda juu. Ukilishika hilo, mambo mengi ya shambani yaliyokuwa fumbo yanafunguka.

Tuifuate mvua kubwa. Inaponyesha, matundu yote ya tabaka la juu hujaa. Mvua ikikatika, maji yaliyo kwenye matundu makubwa hushuka kwa uzito wake, na kazi hiyo huisha kwa siku moja, mbili, au tatu. Yanayobaki ni yale ambayo matundu madogo yameyashika, na hiyo ndiyo akiba ya mmea. Mizizi inaanza kuvuta. Mwanzoni inapata kwa urahisi. Kadiri udongo unavyokauka, mshiko unakaza, na mmea unalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi. Hufika mahali mmea hauwezi tena. Wataalamu wameuweka mpaka huo karibu na nguvu ya mara 15 ya kanieneo ya hewa. Hapo mmea hunyauka, na hata usiku ukiingia hauinuki.

Lakini kunyauka hakumaanishi kwamba udongo hauna maji. Mfinyanzi ukifika kwenye mpaka huo bado unaweza kuwa na maji mengi, hata sehemu moja kwa tano ya ujazo wake. Ukiushika mkononi una ubaridi, una unyevu, nawe unashangaa mahindi yanakufa kwa nini. Maji yapo, ila udongo umeyakamata kwa nguvu kuliko mzizi. Kichanga ni kinyume chake: mmea huweza kunywa karibu yote yaliyomo, tatizo ni kwamba yalikuwa machache tangu mwanzo.

Tuweke takwimu. Udongo wa kichanga wenye kina cha mita moja mara nyingi hauhifadhi zaidi ya milimita 100 za maji ambayo mmea unaweza kuyatumia, na mwingine hauzidi nusu ya hapo. Tifutifu huhifadhi milimita 150, au zaidi kidogo. Mahindi yanayotoa mbelewele katika jua kali hutumia kama milimita 5 kwa siku. Mizizi ikiwa imeshuka sentimita 60, kichanga kilicho bora kina akiba ya siku 12, na tifutifu ina akiba ya siku 18. Na mmea huanza kuumia mapema, akiba inapofika nusu. Tofauti ya siku hizo chache, katika ukavu unaoingia katikati ya msimu, ndiyo tofauti ya kuvuna na kutovuna.

Wewe utajuaje una udongo gani? Chukua konzi moja, toa mawe na mizizi, tia maji kidogo kidogo huku ukikanda mpaka ushikane. Fanya donge. Donge likimeguka mara tu ukilitomasa kwa kidole, hicho ni kichanga. Ukiweza kuliviringisha likawa kijiti, lakini kijiti kikakatika ukijaribu kukipinda, una tifutifu. Kijiti kikipinda hadi ncha mbili zikakutana na kuwa pete isiyopasuka, huo ni mfinyanzi. Fanya hivyo kwa udongo wa juu, kisha uchimbe sentimita 50 na ufanye kwa udongo wa chini. Mara nyingi utakuta ni udongo wa aina mbili tofauti, na hapo ndipo mambo yanaponoga.

Maji yanapokutana na tabaka tofauti hufanya jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwaka 1959 mtafiti wa udongo Walter Gardner, wa jimbo la Washington huko Marekani, pamoja na mwenzake Hsieh, walitengeneza filamu iliyofundishia vizazi vingi vya wanafunzi wa kilimo. Waliweka udongo kati ya vioo na kupiga picha maji yakiingia. Wewe unaweza kuliona jambo hilo hilo nyumbani kwa chupa mbili za plastiki.

Zikate shingo na uzitoboe chini. Ya kwanza ijaze udongo mkavu wa shambani, uliochekechwa. Ya pili jaza udongo huo huo hadi nusu, weka tabaka la kokoto lenye unene wa vidole viwili, kisha malizia kwa udongo juu yake. Mimina maji polepole katika zote mbili, na uangalie pembeni mwa chupa. Utaona mstari wa weusi, yaani unyevu, ukishuka. Katika chupa ya kwanza unashuka bila kusita. Katika ya pili unashuka mpaka kwenye kokoto, kisha unasimama. Nafasi zote zile za kokoto zipo wazi, na maji hayaingii. Udongo wa juu unazidi kulowa, unazidi kulowa, na ni pale tu unapokaribia kujaa kabisa ndipo matone yanaanza kupita.

Kwa nini? Kwa sababu matundu madogo ya udongo yameyashika maji, na kokoto hazina nguvu ya kuyanyang'anya. Basi wewe unayepanda maua au miche kwenye makopo, ukatandika kokoto chini ukiamini zinasaidia maji kutoka, umefanya kinyume cha ulichokusudia: mizizi imekaa kwenye udongo uliolowa muda mrefu zaidi. Toboa kopo vizuri, jaza udongo wa aina moja toka chini hadi juu. Na anayechimba shimo la mche katika mfinyanzi, akalijaza mchanga mtupu, ametengeneza beseni: maji huingia kwa kasi, hukuta kuta zisizopitisha, na mizizi huoza.

Kuna tabaka jingine ambalo tumelitengeneza wenyewe bila kujua. Jembe likipita kina kile kile kila mwaka, sentimita 15 au 20, na juu yake wakapita ng'ombe au trekta wakati udongo una majimaji, chini ya pale jembe linapokoma hujengeka sakafu ngumu. Matundu yake yamebanwa mno. Maji huifikia na kupita kwa taabu, na mizizi vivyo hivyo. Ukitaka kujua kama unayo, ng'oa shina la mahindi kwa kuchimba pembeni taratibu, uitazame mizizi. Ikiwa imeshuka kisha ikakata kona na kutambaa pembeni, umeiona sakafu. Mkulima huyo anaweza kuwa na udongo wa mita mbili, lakini mahindi yake yanaishi kwenye sentimita 20 tu. Akiba ya siku 18 imekuwa ya siku sita. Dawa yake ni kupasua mstari wa kupandia kwa jembe la kupasua linalokokotwa na maksai, na kuingiza mbaazi, ambazo mzizi wake mkuu hushuka mbali na kuacha njia baada ya kuoza.

Turudi juu, kwenye ngozi ya ardhi, maana hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Tifutifu iliyokwisha kulowa hupokea kama milimita 10 hadi 20 kwa saa. Mfinyanzi hupokea milimita 1 hadi 5. Kichanga huweza kupita 30. Sasa ile mvua yetu ya milimita 40 ikinyesha kwa saa moja juu ya tifutifu, hata milimita 20 zinaweza kukosa mlango. Hizo ni ndoo 4,000 kwa ekari, zinazoteremka bondeni zikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi ile ni udongo wako wa juu, pamoja na samadi uliyoihangaikia.

Na kama ardhi iko wazi, hali ni mbaya zaidi. Matone makubwa hupiga mabonge ya udongo na kuyasambaratisha. Vumbi laini huziba matundu, jua likitoka gamba linakaza. Mvua ya pili inakuta mlango umefungwa. Watafiti wa filamu ile walionyesha pia kwamba tundu kubwa ardhini linasaidia kuingiza maji pale tu mdomo wake unapokuwa wazi juu, ambako maji yametuama. Tundu lililofunikwa halifanyi kazi. Nyungunyungu na mchwa wanachimba njia hizo usiku na mchana, nasi tunaziziba kwa kuchoma masalia na kuacha shamba uchi. Matandazo ya mabua na nyasi hupokea kishindo cha tone, huwalisha wadudu hao, na kupunguza maji yanayopotea kwa jua. Mboji inayotokana nayo hugandisha chembe kuwa mabonge, na mabonge hutengeneza matundu ya ukubwa mbalimbali: makubwa ya kuingizia, madogo ya kuhifadhia. Hata kichanga kikilishwa mboji mwaka hadi mwaka hubadilika tabia.

Haya si mageni kwa wazee wetu. Huko Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo wanalima milima mikali kwa ngoro kwa zaidi ya miaka mia moja. Wanalaza nyasi zilizokatwa katika miraba, wanafukia kwa udongo unaochimbwa katikati, na mlima mzima unabaki na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikija inatuama shimoni mpaka iingie ardhini, na nyasi zilizofukiwa zinaoza kuwa mboji. Kule Machakos, nchini Kenya, wakulima wa Kikamba walijenga matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kukingama na mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na maji yanasimama. Kwa Wasukuma, kwenye mbuga za udongo mweusi, mfinyanzi usiopitisha maji umegeuzwa faida: majaluba ya mpunga yanayokinga maji yanayoteremka kutoka juu. Udongo ule ule unaomtesa mwenye mahindi unamlisha mwenye mpunga. Kila udongo una kazi yake, ilimradi mwenyewe aujue.

Dodoma je? Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, yote katika msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili, na nyingi yake huja kwa vishindo vichache. Hapo ndipo penye somo kali. Katika kijiji cha Chololo, si mbali na mji wa Dodoma, kulianza mashimo ambayo leo yanaitwa kwa jina la kijiji hicho: upana wa sentimita zaidi kidogo ya 20, kina sentimita 30, hatua fupi kutoka shimo hadi shimo. Ndani huwekwa samadi na masalia vilivyochanganywa na udongo, na mbegu hupandwa humo humo. Shimo linakusanya maji yaliyokuwa yakimbie, mboji inayashika, na mdomo uko wazi. Kaskazini zaidi, Kondoa, makorongo yalikuwa yamekula ardhi kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika zaidi. Uamuzi ule uliwauma wafugaji, na haki yao ya kuumia hatuwezi kuipuuza. Lakini nyasi na miti vilirudi, na ardhi iliyofunikwa ikaanza tena kunywa mvua yake.

Msikilizaji, kila msimu ukiharibika tunainua macho mbinguni. Tunalalamikia mvua, tunasubiri bwawa, tunasubiri kisima kirefu. Mabwawa na visima tunavihitaji, nami naviunga mkono. Hata hivyo wakulima wetu walio wengi wanategemea mvua, na bwawa kubwa kuliko yote walilonalo ni udongo wa shamba lao wenyewe. Kuliacha bwawa hilo livuje kwa gamba, kwa sakafu ya jembe na kwa moto wa kuchoma mabua, halafu tukasema mvua haikutosha, ni kuisingizia mvua. Miaka mingi tunayoiita ya ukame, nusu ya ukame huo tumeulima sisi.

Nimalizie kwa kazi ya kufanya. Tafuta nondo nyembamba yenye urefu wa mita moja. Siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, ikandamize ardhini kwa mkono katika sehemu tano za shamba. Penye unyevu itashuka kwa urahisi, penye ukavu au ugumu itagoma. Pima kina. Kama shamba lilikuwa kavu, milimita 25 za mvua iliyoingia yote hulowesha kichanga karibu sentimita 30, tifutifu sentimita 15 hadi 20, na mfinyanzi sentimita 10 hadi 12. Ukipata pungufu ya hapo, mvua yako imekimbia, au imekwama mahali, na sasa unajua pa kuanzia. Andika vipimo hivyo, mpelekee afisa ugani wako, mwambie aje mchimbe pamoja. Nanyi maafisa ugani, mnapopima rutuba ya udongo, pimeni pia namna unavyopokea na kutunza maji, kwa sababu mbolea iliyo kwenye udongo mkavu haiyafikii mahindi.

Na mabua ya mwaka huu, tafadhali, msiyachome.